Fainali ya Baba Merv Katikati ya Nullarbor

Ahadi Narelle aliitoa mikono ikiwa kwenye povu la sabuni, na hakuna aliyemlazimisha. Ilikuwa Jumapili, ukoo wote wa Pascoe ulikuwa umekula kwa wazee, na redio ya jikoni ilikuwa imetangaza punde tu kwamba Pelikani, timu yao ya kandanda ya Kiaustralia, wameingia fainali. Miaka thelathini na mmoja Pelikani hawajaiona fainali. Mzee Merv, baba mkwe wake Narelle, alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni na blanketi magotini. Alilia.

Tangu apigwe kiharusi mwaka uliopita, Merv alikuwa akilia kwa mambo madogo, hata kwa tangazo la biskuti. Mate yalimtoka upande wa kushoto wa mdomo bila yeye kujua. Maneno yalimjia moja moja, kama mtu anayetoa mizigo ya chumba kizima kupitia dirisha dogo. Lakini akili ilikuwa nzima. Watu walilisahau hilo. Merv mwenyewe hakulisahau.

"Fainali ni Jumamosi ya tatu kuanzia sasa," alisema Darrell, mwanawe mkubwa, akihesabu kwa vidole. "Jumamosi hiyo sisi tuko Nullarbor."

Kweli. Mjukuu wa Merv alikuwa anaolewa Esperance Jumanne yake, na kutoka kwao Port Pirie kwenda Esperance huwezi kuikwepa Nullarbor, ile tambarare kame isiyo na mwisho.

"Basi tutasimama kwenye kituo cha mafuta," alisema Beryl, mkewe Merv. "Wana baa pale, na runinga ya ukutani kubwa kama mlango. Tutamtafutia meza nzuri."

Merv aliinua mkono wake mzima. "Si... baa."

"Merv, baa imekufanya nini?"

Narelle alielewa. Merv alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani kwa miaka ishirini na sita. Akiingia mlangoni, wanaume mia walishusha sauti. Mtu huyo leo aketi katikati ya madereva wa malori, wakigeuka kumtazama mkewe akimfuta mdomo?

"Ataitazama kwenye kiti chake mwenyewe," alisema Narelle bila kuigeuzia sinki mgongo. "Mimi nitafunga vyombo."

"Vyombo gani, Mama Tully?" aliuliza Beryl, akimwita kwa jina la bintiye kama kawaida.

"Dishi, runinga, betri. Kwenye karavani yetu."

Darrell alicheka. Alikuwa na duka la matela na vifaa vya kambi, na kwa miaka yote kitu kikiharibika katika ukoo ule, iwe friji au kengele ya mlango, watu walimpigia yeye. Narelle alikuwa na diploma ya elektroniki ya chuo cha ufundi na kazi ya kutengeneza mashine za hospitali. Hawakumpigia.

"Shemeji, kule hata simu haishiki."

"Najua. Ndiyo maana nimesema dishi. Sikusema simu." Alijifuta mikono, akaenda akasimama mbele ya mzee. "Baba, utaiona fainali. Nimesema mimi."

Merv alimtazama muda mrefu, kisha akatikisa kichwa mara moja, kama alivyokuwa akimkubalia fundi kiwandani.

Kwa karibu wiki tatu gereji yao ikageuka karakana. Grant, mumewe, aliegesha gari barabarani bila kulalamika. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Narelle alianza na wasichana wake, kwa sababu mtoto aliyechoka safarini haisubiri fainali ya mtu. Alitafuta visanduku viwili, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni, akavijaza filamu sitini, katuni, hadithi za kusikiliza na nyimbo za ujana wa Beryl. Kila kisanduku kilirusha vitu vyake chenyewe. Aliyekuwa ndani ya gari alifungua tableti yake akachagua, bila kuhitaji mtandao. Kimoja cha gari lao, kingine cha gari la Darrell, ambaye angewabeba wazee. Kila mtu alipewa visikilizi vyake vyenye jina lake. Nyuma ya kiti cha dereva akabandika kanuni iliyoandikwa kwa kalamu nene: saa moja skrini, saa moja dirisha.

"Dirishani kuna nini?" aliuliza Bridie, mwenye miaka tisa.

"Kuna Nullarbor."

"Tully anasema Nullarbor haina kitu."

"Basi utaitazama mpaka uthibitishe."

Kisha akaingia kwenye kazi kubwa. Alifunga betri mbili chini ya kitanda cha karavani na paneli ya sola juu ya paa. Runinga akaitafutia mkono wa chuma wa kuitoa nje kupitia dirishani, ili mtu aliyeketi chini ya turubai la pembeni aitazame bila kupanda ngazi hata moja. Dishi lenyewe lilikuwa la stendi ya miguu mitatu, na waya wake ulikuwa na urefu wa mita ishirini na tano.

Darrell alipita jioni moja akalitazama lile dishi kama mtu anayetazama baiskeli ya babu yake.

"Nina dishi la kuba dukani, shemeji. Linakaa juu ya paa. Unabonyeza kitufe, linaitafuta setilaiti lenyewe."

"Likikosea?"

"Halikosei."

"Kila kitu kinakosea. Mimi nataka kitu ambacho kikikosea naweza kukiona kimekosea wapi."

"Haya, mama diploma."

Narelle alichora jedwali kwenye karatasi ngumu: kila mahali wanapoweza kuwa Jumamosi ile, dishi litazame upande gani, liinuliwe kiasi gani, kichwa chake kizungushwe kiasi gani. Maana ukizidi kwenda magharibi, setilaiti inazidi kubaki nyuma yako, na dishi lililonaswa vizuri Port Pirie halioni chochote Nullarbor. Alifanya mazoezi uani mara tano, akiwa na saa mkononi. Ya kwanza ilimchukua dakika kumi na nane. Ya tano, dakika sita. Siku ile ya tano alibaki amesimama uani peke yake na rimoti mkononi, akitazama taarifa ya habari iliyotulia kama maji kwenye beseni, na alijisikia vizuri kuliko siku aliyopokea cheti.

Waliondoka Alhamisi alfajiri, magari mawili na karavani mbili. Visanduku vilifanya kazi tangu kilomita ya kwanza. Kwenye gari la mbele, Bridie alicheka peke yake chini ya visikilizi. Kwenye gari la nyuma, Beryl alipata nyimbo zake na akaimba hadi Darrell akaomba apewe visikilizi yeye, wao wabaki na kelele. Saa ya dirisha ilipofika, Narelle alishika redio ya mawasiliano ya gari akawauliza chemsha bongo waliomo kwenye magari yote mawili.

"Swali la nne. Mto mrefu kuliko yote nchini?"

"Murray," ilijibu sauti ya Beryl.

"Bibi anaibia," alisema Tully. "Namsikia Anko Darrell akimnong'oneza."

"Mimi sinong'oni, naendesha," alisema Darrell. "Mwambie mama yako aulize mambo ya maana. Aulize lori lina magurudumu mangapi."

"Lipi?"

"Hili linalotaka kunipita sasa hivi na matela yake matatu. Shikilieni vikombe."

Saa nazo ziliwasumbua. Kule tambarareni kila kituo kinafuata saa yake, na simu hubadilika bila kuuliza mtu. Narelle alikata shauri: saa ya ukutani iliyotoka nyumbani ingening'inia ndani ya karavani, na hadi fainali iishe, hakuna aliyeruhusiwa kuamini saa nyingine. Mechi ingeanza saa nane kamili kwa saa ile.

Jumamosi saa tano waliingia kwenye uwanja wa kupumzikia ulio kando ya barabara, kilomita tisini kabla ya kituo cha mafuta chenye baa. Kulikuwa na karavani nyingine nne tu, zote za wazee wastaafu, nzi wasiohesabika, na upande mmoja kichaka cha mikalitusi mifupi, kivuli pekee cha siku nzima. Darrell alikimbilia kivuli, na alikuwa na haki, kwa sababu ya mzee. Grant alirudisha karavani yake kinyumenyume hadi ubavuni mwa ile ya Darrell huku Narelle akisimama nyuma na redio ya mawasiliano ya mkononi, akimwelekeza.

"Kushoto. Kushoto, Grant. Kushoto kwangu mimi. Basi. Nimesema basi."

Aliiingiza redio kwenye mfuko wa shati, kifuani, akaanza kazi. Turubai likafunguliwa. Kiti cha Merv, kile cha nyumbani chenye mikono, kikawekwa chini yake. Beryl akamvalisha mzee skafu ya Pelikani, ya kahawia na nyeupe, ingawa kulikuwa na joto. Runinga ikatoka dirishani kwenye mkono wake wa chuma ikasimama usawa wa macho yake. Hadi hapo kila kitu kilikuwa kama alivyokichora.

Chini ya mikalitusi dishi halioni mbingu, kwa hiyo Narelle alilibeba hadi nje ya kivuli, waya ukimfuata, akalisimamisha penye changarawe tupu. Akatoa jedwali na dira, akaishika dira mbele ya kifua kwa mikono miwili, akalielekeza dishi. Akarudi kutazama runinga. Kipimo cha mawimbi kilisoma sifuri.

Hakushtuka. Alisogeza kidogo kulia, kidogo kushoto. Sifuri. Akakagua waya, mwisho hadi mwisho. Akafungua kichwa cha dishi, akakizungusha upya kulingana na jedwali. Sifuri. Akaihamisha stendi hatua tatu, akaanza upya na dira, taratibu, kama mtihani. Sifuri.

Sasa wastaafu walikuwa wameanza kukusanyika. Katika viwanja vile mtu akifunga dishi au akirudisha karavani nyuma, wenzake huleta viti vya kukunja wakatazama, kwa sababu burudani ni chache. Vilifunguliwa viti vitano.

"Kiingilio ni bei gani?" aliuliza mmoja.

"Kwako wewe bure, ukinyamaza," alisema Narelle.

"Lipandishe juu zaidi, dada."

"Lishushe," alisema mwenzake. "Langu huwa nalishusha."

"Lako uliliuza mwaka juzi, Clive."

"Ndiyo, lakini lilikuwa linashushwa."

Mmoja wao, mzee mrefu aitwaye Neville, alikuwa na kuba jeupe juu ya paa la karavani yake, mwisho kabisa wa uwanja. Narelle alimfuata akamuuliza la kwake linatazama wapi.

"Sijui, mama. Limefunikwa. Nabonyeza kitufe, linazunguka humo ndani, picha inakuja." Alionekana kuona haya. "Nilinunua ili nisijue."

Darrell alikuja na soda mkononi. Aliuzunguka ule msururu wa viti, akasimama nyuma ya shemeji yake.

"Hapo unatafuta setilaiti, shemeji, au unatafuta maji ya kisima?"

Viti vilicheka. Narelle aliendelea kukaza skrubu.

"Sasa nasema bila utani," aliendelea Darrell kwa sauti ya chini. "Ni saa saba kasoro dakika ishirini. Tukifunga vitu sasa hivi tunafika baa kabla mpira haujaanza. Tukichelewa robo saa, hatufiki. Hakuna atakayekulaumu."

Atanilaumu Baba, alifikiri Narelle, na atakuwa na haki. Aliweka bisibisi chini, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Merv, akachuchumaa. Beryl alikuwa anamfuta kidevu.

"Baba. Sijaipata, na sijui kwa nini. Tukiondoka sasa, utaiona fainali baa. Tukibaki nami nikashindwa, umeikosa kabisa. Uamuzi ni wako."

"Mama Tully, humwulizi mgonjwa maswali kama hayo," alisema Beryl.

"Namuuliza mwenye fainali."

Merv alihangaika na mdomo. Beryl alifungua kinywa kumsaidia, Narelle akamwinulia mkono asifanye hivyo.

"Jaribu," alisema Merv.

Basi saa saba kasoro ikapita, na nafasi ya baa ikaenda nayo. Narelle alirudi kwenye changarawe. Jua lilimpiga utosini. Aliikagua betri, akaikagua kadi ya king'amuzi, akabadilisha waya kwa ule wa akiba. Kila kitu kilikuwa kizima. Jambo hilo lilimtia hofu kuliko kama angekuta kitu kimekatika. Mashine iliyokufa unaitafuta ilipokufa. Mashine nzima isiyofanya kazi maana yake mpumbavu ni aliyeishika.

Saa saba na nusu Grant alimletea chai na kipande cha mkate wenye soseji. Alisimama naye kidogo.

"Nyumbani ulipata mara tano," alisema.

"Najua nyumbani nilipata mara tano."

"Nasema tu kwamba kujua unajua." Akaondoka.

Kule mwisho wa uwanja aliona Darrell na Neville wamesimama mlangoni kwa Neville. Neville alikuwa mwema. Alikuwa amesema mzee aje atazame kwake. Lakini runinga yake ilikuwa imefungwa ukutani ndani, na mlango ulikuwa na ngazi tatu nyembamba, na Darrell alikuwa anaupima upana wake kwa mikono iliyopanuliwa, kama anayepima kabati. Narelle alielewa anachopima. Merv pia, kutoka kwenye kiti chake, alikuwa anaona. Alikuwa ameondoa macho kwenye runinga tupu akayaweka kwenye mikono ya mwanawe. Mkono wake mzima ulikuwa umeishika skafu.

Redio kifuani mwa Narelle ikakoroma.

"Shemeji, unanisikia? Imebaki robo saa. Nimeongea na Neville na Clive. Tukimshika Baba huku na huku, wawili chini mmoja juu, anaingia. Atalalamika kidogo, lakini ataona mpira. Tunakuja kumchukua."

Narelle alikuwa ameishika dira kwa mkono wa kushoto, ameielekeza tena kwa mara ya ishirini. Kwa mkono wa kulia akaichomoa redio mfukoni ili amjibu. Akainua redio kuelekea mdomoni, na sindano ya dira ikageuka.

Alisimama. Akairudisha redio kifuani. Sindano ikarudi ilipokuwa. Akaitoa tena, akainyoosha mbali kwa urefu wa mkono wote, na sindano ikatembea, ikatembea, karibu robo nzima ya duara, ikatulia kaskazini, upande ambao jua la adhuhuri lilikuwa limesimama muda wote huo, likimngoja ainue kichwa.

Redio ina spika. Spika ina sumaku. Jambo hilo aliwafundisha vijana wa hospitali kila mwaka, usiweke redio karibu na mashine zangu, na yeye mwenyewe alikuwa ametembea na sumaku juu ya moyo wake kwa saa mbili na nusu akiiuliza dira njia. Uani nyumbani hakuwa na redio. Hapa aliibeba ili kumwelekeza mumewe alipokuwa akirudisha karavani nyuma.

Alibonyeza kitufe.

"Darrell, usimguse Baba."

"Shemeji, muda—"

"Usimguse. Nipe dakika sita. Nimepata kosa, na ni langu."

Aliizima redio, akampa yule mstaafu wa karibu. "Nenda nayo mbali. Na ninyi wengine rudisheni viti hatua ishirini, vyote ni vya chuma." Waliinuka bila hata mzaha mmoja. Pale penye changarawe akabaki yeye na dira tu.

Safari hii hakuharakisha. Alisoma jedwali kwa sauti, akasubiri sindano itulie, akalizungusha dishi zima hadi likatazama mahali ambapo hakuwa amelitazamisha hata mara moja siku ile. Tully alikuwa amesimama kwenye runinga akisoma kipimo cha mawimbi.

"Mama, kumi na mbili," alisema Tully.

Alisogeza upana wa ukucha.

"Arobaini. Hamsini na tano. Mama, sabini na nane."

"Kuna picha?"

Sauti ya watu elfu thelathini ilitoka chini ya turubai ikasambaa juu ya tambarare, na nyuma ya Narelle wastaafu wakaanza kupiga makofi kama watu waliokuwa wameketi ukumbini.

Narelle alikaza skrubu zote nne, akaweka mawe juu ya miguu ya stendi. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika nne. Timu zilikuwa bado zinakimbia kuingia uwanjani kwa kulipasua bango la karatasi, kama ilivyo desturi.

Darrell alikuwa amefika akihema.

"Ilikuwa nini?"

"Redio. Nilikuwa nayo kifuani, inaivuta dira."

Narelle alimtazama, akingoja ampige kijembe. Angeweza. Clive na wenzake walikuwa wanasikiliza. Darrell alifikicha shingo.

"Mimi ningekuwa bado nafungua nyaya," alisema. "Ningefungua hadi Jumatatu." Kisha akaongeza, "Unataka pai? Nina pai za nyama kwenye oveni."

"Nataka. Na ya Baba uikate vipande vidogo, umpe Mama, asiikate mbele ya watu."

Wastaafu walikuwa wanakuja na viti vyao, kumi na mmoja kwa jumla, wengine wakitoka karavani ambazo hata hakuwa ameziona zikiingia. Mmoja alianza kukifungua kiti chake mbele, kando ya runinga, uso ukiwa umemwelekea Merv.

"Hapana," alisema Narelle. "Nyuma. Wote nyuma yake."

"Nyuma hatuoni vizuri, mama."

"Mtaona. Anayetaka kuona zaidi ana baa, kilomita tisini."

Walijipanga nyuma ya kiti cha Merv safu mbili, na katika mpango ule hakuna mtu aliyeweza kuuona uso wake, wala mdomo wake, wala macho yake. Walimwona kisogo na mabega na skafu. Ukitokea mbali ungedhani uwanja wote ni wa kwake na hawa ni wageni wake aliowaalika. Neville, kabla ya kuketi, alivua kofia akamwinamia.

"Asante kwa kutukaribisha, mzee."

Merv aliinua mkono mzima, akautikisa polepole kuonyesha kiti kilichokuwa wazi. Kilikuwa kitendo cha mwenye nyumba.

Mpira ulirushwa. Pelikani walifunga la kwanza, na Merv akalia kwa raha zake mbele ya skrini, mate na machozi pamoja, na hakuna aliyejua isipokuwa Beryl, aliyekuwa chini ubavuni mwake na kitambaa. Baada ya muda Beryl naye aliacha kumfuta. Alikuwa anatazama mpira.

Mwisho wa robo ya kwanza kati ya nne za mchezo Narelle alikuja kukagua kipimo cha mawimbi. Alisimama mbele ya runinga, akabonyeza, akasoma sabini na tisa, akabonyeza tena ahakikishe. Kisha akabaki pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Hakukuwa na kitu cha kurekebisha. Alikuwa anaitazama tu kazi yake: rangi zilivyokaa, nyasi za uwanja zinavyohesabika, waya ulivyopita kwenye changarawe bila kugusana na mguu wa mtu. Mashine za hospitali alikuwa ametengeneza mia kadhaa. Hakuwahi kukaa kutazama moja kwa namna hii.

"Mama... Tully," alisema Merv nyuma yake.

Narelle aligeuka. Mzee alikuwa anakusanya maneno, taya likihangaika, jicho moja likiwa limemkazia. Beryl aliinama kuyasikia. Hakuna aliyemsaidia, wala Darrell na pai zake. Walingoja hadi yakatoka, yote mawili, kwa sauti ile ya zamani ya mlangoni kiwandani.

"Unaziba. Toka."

Narelle alitoka. Alivuta kreti ya vinywaji akaketi chini pembeni mwa kiti cha mzee, bega likigusana na mkono wa kiti, na robo ya pili ikaanza.